Pipa Hubingirika, Kasha Huserereka

Ndugu wafanyakazi, tunapopakua lori kwa kutumia mbao, twaona jambo moja kila siku. Kasha likiwekwa juu ya mteremko mara nyingi hukaa pale pale mpaka tulisukume, kwa kuwa upande wake wa chini wasuguana na ubao. Pipa halingoji. Msuguano ule ule unaolizuia kasha ndio unaolizungusha pipa.

Tuchukue mbao za mita 3 zilizoegemezwa kwenye lori lenye kimo cha mita 1. Pipa la lita 200 likiachwa hufika chini kabla ya sekunde 2 kwisha, likienda zaidi ya mita 3 na nusu kwa sekunde. Hakuna kifua cha kulizuia, hata cha yule kijana anayejisifu nguvu.

Basi tusisimame chini yake. Tufunge kamba mbili kwenye lori, tuzipitishe chini ya pipa, na ncha zake tuzirudishe juu mikononi mwetu. Pipa la kilo 200 hapo lavuta kama kilo 67. Kamba zikipita hivyo, twashika nusu yake tu, tena watu wawili. Kasha nalo tusiliamini: mbao zikiloa mafuta, huondoka bila kubisha hodi.