Nakuru, Jiji Lisilo na Mahali pa Kutupa

Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huteremka kutoka nyanda za juu za Mau, ikapita mashambani na kando ya mitaa, kisha ikaingia Ziwa Nakuru. Hakuna mto hata mmoja unaotoka humo. Maji huondoka kwa kupaa angani jua linapowaka, na karibu kila kilicholetwa nayo hubaki: magadi, udongo, mbolea, sabuni, uchafu wa vyoo. Jiji la pwani laweza kujidanganya kwamba bahari itameza taka zake. Nakuru haina nafasi hiyo. Imejengwa ndani ya beseni la Bonde la Ufa, na chochote inachokitupa bado kipo, umbali wa kilomita chache tu kutoka mlangoni pa aliyekitupa.

Kwa sababu hiyo naamini mtu anayetaka kuona jinsi miji ya Afrika Mashariki itakavyoishi vizuri na mazingira yake aje aitazame Nakuru, tena aanzie mahali ambapo wengi wangeona haya kuanzia: chooni.

Kabla ya kufika huko, ziwa lenyewe. Kwa miaka mingi kufungika huku kulikuwa neema. Magadi yaliyojikusanya yaliyafanya maji kuwa makali, yenye pH ya karibu 10, ambamo viumbe wengi hawawezi kuishi. Lakini Arthrospira, bakteria wa rangi ya kijani-buluu anayetengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua kama mimea, hustawi humo hadi maji yakawa mazito kama supu. Flamingo mdogo huinamisha kichwa, akaupindua mdomo wake wenye machujio, akafyonza maji na kubakiza chakula. Umati wa ndege hao wa rangi ya waridi ndio uliolipa ziwa jina duniani, na mwaka 1990 likawa eneo la kwanza la Kenya kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu.

Kisha, kuanzia mwaka 2010, maji yakaanza kupanda. Ziwa lililokuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 40 likapita 60. Lango kuu la hifadhi ya taifa inayolizunguka ziwa na ofisi zake vikazama, migunga ya ufukweni ikafa ikiwa imesimama, na wakazi wa upande wa Mwariki na Barut wakahama nyumba zao. Maji mengi ya mvua yaliyapunguza makali magadi, Arthrospira ikapungua, na flamingo wengi wakaenda Ziwa Bogoria kutafuta riziki. Ripoti iliyotolewa na serikali mwaka 2021 kuhusu maziwa yote ya Bonde la Ufa ilitaja mvua zilizozidi, na pia vilima vilivyovuliwa miti, ambavyo humwaga maji na udongo kwa kasi. Tukumbuke kwamba mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki ziliondolewa katika hadhi ya msitu wa serikali. Aliyekata mti huko juu na aliyefurikiwa huku chini wako katika beseni moja.

Nalo jambo lisilosemwa sana ni hili: maji ya ziwa yanapofika kwenye nyumba, yanafika pia kwenye choo cha shimo.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 570,674 katika mji wa Nakuru, ambao ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Sehemu kubwa ya wakazi hao hawajaunganishwa na mabomba ya majitaka. Wanatumia vyoo vya shimo na matangi, tena katika udongo wa majivu ya volkano, ulio mwepesi na wenye nyufa, ambamo shimo huporomoka kwa urahisi. Choo kikijaa huitwa lori la kunyonya; asiye na pesa za lori huita vijana wenye ndoo, nao humwaga walichochota usiku, popote giza linapowaruhusu. Mvua ikinyesha, safari ya kwenda ziwani imeanza.

Kampuni ya maji na usafi ya Nakuru, NAWASSCO, iliamua kulikamata tope hilo kabla halijasafiri. Kupitia kampuni yake tanzu ya NAWASSCOAL, na kwa msaada wa wafadhili na mashirika kadhaa, ilianza kuligeuza kuwa makaa ya kupikia. Briketi zake, madonge meusi ya mviringo, zinauzwa kwa jina la Makaa Dotcom.

Kazi yenyewe ni ya subira. Tope huletwa na malori, likaanikwa kwenye vitanda vya kukaushia hadi maji yaishe. Likishakauka huingizwa katika tanuri na kupashwa moto wa nyuzi mia kadhaa huku hewa ikibanwa, lisije likawaka na kuwa majivu. Kilichomo ndani huvunjika chenyewe kwa joto: gesi zenye harufu hutoka, kaboni hubaki. Ni kanuni ileile anayoitumia mchoma makaa porini anapolifukia gogo kwa udongo. Unga wa mbao kutoka viwanda vya mbao nao huchomwa kwa namna hiyo, kisha vyote viwili husagwa, hutiwa molasi ivishikanishe, na kuzungushwa ndani ya pipa mpaka vikawa madonge. Baada ya hapo huanikwa tena.

Tatizo kubwa la kiafya la tope la vyoo ni mayai ya minyoo, hasa aina ya Ascaris. Ganda la yai hilo ni gumu kiasi kwamba laweza kukaa udongoni miaka likiwa hai. Lakini halihimili joto: hata nyuzi 70 huliua kwa muda mfupi, sembuse la tanuri. Donge linalotoka kiwandani halina harufu ya choo wala ugonjwa wake. Kinyaa cha mnunuzi kinaeleweka, na hakiondolewi kwa hotuba. Kinaondolewa jikoni, jirani anapokuja akakuta sufuria ya maharagwe inatokota na hakuna moshi. (Hata hivyo, makaa ni makaa: yoyote yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na inaua. Fungua dirisha.)

Swali la mpishi ni kama yanawaka vizuri. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walionyesha kwamba kinyesi kilichochomwa kwa nyuzi 300 hutoa nishati ya takriban megajuli 25 kwa kilo, kiasi kinachokaribia cha makaa ya miti. Cha kushangaza, walipouzidisha moto nishati ilishuka, kwa sababu vinavyofaa kuungua vilitoroka na majivu yakabaki. Moto wa wastani ndio wenye faida, na hiyo ni habari njema kwa kiwanda kidogo. Kasoro ni kwamba tope la shimoni huwa na mchanga, na mchanga hauungui. Ndiyo sababu unga wa mbao una umuhimu.

Tupige hesabu. Mtu mmoja hutoa wastani wa gramu 29 za kinyesi kikavu kwa siku. Kwa watu 570,674, hizo ni zaidi ya tani 16 kila siku. Zipunguze kwa nusu tanurini, uongeze kiasi sawa cha unga wa mbao uliochomwa, na una tani 16 za makaa. Kwa njia za kienyeji, kilo moja ya makaa hula kilo tano hadi kumi za kuni. Kwa hiyo hapo kuna tani 80 au zaidi za miti ambazo zingebaki zimesimama, siku baada ya siku. Hicho ni kikomo cha juu, kwani hakuna jiji linaloweza kukusanya uchafu wa kila choo. Lakini hata robo yake ingehisiwa huko Mau. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, Februari 2018, bei ya makaa ilipaa na wanaopika kwa makaa ndio walioumia. Marufuku isiyompa mtu kitu kingine cha kutia jikoni haiwezi kudumu, na ile ililegezwa mwaka 2023.

Kinachokwamisha kazi hii zaidi ni unyevu. Msimu wa masika tope haliwezi kukauka upesi. Na hapa ndipo mimi huinua macho kutazama kaskazini, kwenye Menengai.

Mlima huo umeketi juu ya jiji, na shimo lake la volkano lina upana wa takriban kilomita 12. Kampuni ya serikali ya jotoardhi, GDC, ilianza kuchimba visima humo mwaka 2011, na mtambo wa kwanza wa umeme, wa megawati 35, ulianza kazi mwaka 2023. Mvuke haumalizi joto lake kwa kuzalisha umeme. GDC yenyewe imeonyesha hapo Menengai kwamba joto hilo laweza kupasha mabwawa ya samaki na vibanda vya mboga, kuchemsha maziwa, kufua nguo na kukausha nafaka. Kando ya Ziwa Naivasha, shamba la maua la Oserian lilianza kupasha vibanda vyake kwa jotoardhi mwaka 2003. Na kule Eburru, wanakijiji wamekuwa wakinasa mvuke unaotoka ardhini na kuupoza wapate maji ya kunywa.

Basi kwa nini joto hilohilo lisikaushe tope la Nakuru? Iceland, ambako wataalamu wengi wa jotoardhi wa Kenya walisomea, maji moto husafiri kilomita 27 kutoka Nesjavellir hadi Reykjavík yakiwa yamepoteza chini ya nyuzi mbili. Menengai iko karibu zaidi. Kama joto litaletwa mjini kwa bomba au tope litapelekwa juu kwa lori, hilo wahandisi walipime. Fizikia haina pingamizi.

Mfano wa kwamba Nakuru inaweza kuigeuza taka kuwa kitu cha maana upo tayari. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi inayopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya hudhurungi ya watu wa huku ndiyo ushahidi. Tangu mwaka 1998 Dayosisi Katoliki ya Nakuru imetengeneza chujio kwa mifupa ya wanyama iliyochomwa, ambayo huivuta floraidi na kuishika. Taka ya buchani inayalinda meno ya mtoto.

Mipango ya namna hii hufa si kwa kukosa sayansi bali kwa kuachwa ikitegemea wafadhili, na vijana wanaoshuka mashimoni wakiachwa bila glavu wala mshahara wa kueleweka. Kwa hiyo, mkazi wa Nakuru, bajeti ya kaunti inapoletwa mbele ya wananchi watoe maoni, nenda. Uliza zimetengwa shilingi ngapi za malori ya kunyonya, za vitanda vya kukaushia na za kuwaajiri rasmi wanaofanya kazi hiyo, na usiondoke kabla hujajibiwa.