Mjukuu wa nani? Ukoo, utumwa na uhuru kwetu Kisangani



Jioni moja, hapa komini Makiso, tulikaa na familia mbili zilizokuja kupatana juu ya mahari. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mzee mmoja alipomwinamia jirani yake na kusema polepole kwamba babu wa babu ya kijana "alinunuliwa". Kila mtu alisikia. Mahari haikuzungumzwa tena siku ile.

Jambo la zaidi ya miaka 130 linapata wapi nguvu ya kuvunja ndoa leo?

Tukumbuke mji wetu. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls kwa jina la mfalme Leopold II. Watu wake waliitwa Wangwana, neno linalotoka kwa mwungwana, yaani mtu huru, asiye mtumwa. Lakini wengi wa Wangwana hao walikuwa watoto wa vijiji vya huku huku, waliotekwa, wakafundishwa Kiswahili na bunduki. Aliyetekwa jana aliitwa huru kesho, akaenda kuteka wengine. Hata Kiswahili chetu kiliitwa Kingwana. Basi nani kati yetu anaweza kuapa juu ya babu zake wote?

Disasi Makulo hakuficha yake. Alitekwa akiwa mtoto na watu wa Tippu Tip. Mwaka 1883 Stanley akamkomboa pamoja na wengine, na baadaye akalelewa na mmisionari George Grenfell. Akawa mhubiri, akarudi kwa watu wake na kuanzisha kazi ya Injili Yalemba. Alisimulia maisha yake, na mtoto wake akayaandika. Kukombolewa peke yake hakukumaliza safari yake. Mtoto aliyelipiwa bado alikuwa mikononi mwa aliyemlipia.

Katika Yohana 8, Yesu anapoahidi uhuru, wasikilizaji wanajibu kwamba wao ni uzao wa Ibrahimu na hawajapata kuwa watumwa wa mtu. Ajabu! Na Misri je? Kila Pasaka waliikumbuka mezani. Tena Kumbukumbu la Torati 26 inaagiza kwamba mtu anayeleta malimbuko aseme kwa sauti, mbele ya kuhani, jinsi baba zake walivyoteswa utumwani. Ukoo wa kujivunia ulikuwa umewafunga masikio. (Sisi wachungaji pia tuna ugonjwa huu, tunapohesabu nani alibatizwa na wamisionari wa kwanza.)

Juma lililofuata tulimuomba yule mzee atusimulie ukoo wake mwenyewe. Alinyamaza sana. Halafu akasema mama ya babu yake aliletwa kutoka Maniema akiwa msichana, na jina la kijiji chake hakuna anayelijua.

Bibi ya kijana ndiye aliyemsogezea kiti karibu.

Familia zitaonana tena mwezi ujao. Kijana ametuomba tuwepo.