Datsun 240Z: Gari la barabara laini lililotwaa Safari mara mbili

MAGARI yanayoshushwa katika bandari ya Kilindini na kuelekea Nairobi kwa barabara huvuka Makupa, yakapita Changamwe na Miritini, kisha yakaanza safari ndefu ya kupanda bara.

Kwa miaka mingi barabara hiyo, pamoja na njia za vumbi za Taita, ilikuwa pia uwanja wa mbio za Safari Rally. Hapo ndipo kampuni za magari za ng'ambo zilipojaribu uimara wa mashine zao.

Mojawapo ya magari yaliyofaulu mtihani huo ni Datsun 240Z, gari la milango miwili ambalo hapo awali halikukusudiwa matope wala mawe.

Kampuni ya Nissan ya Japani ililizindua mwaka wa 1969, likilenga zaidi soko la Marekani. Lengo lilikuwa kuwauzia Wamarekani gari la michezo lenye sura na kasi ya magari ya Ulaya, lakini kwa bei nafuu.

Lilikuwa na boneti ndefu, viti viwili tu, na injini ya silinda sita yenye ukubwa wa sentimita 2,393 za ujazo, iliyotoa takriban nguvu 150 za farasi. Uzito wake ulikuwa karibu tani moja tu, na kila gurudumu lilikuwa na springi zake zilizofanya kazi peke yake. Hivyo, gurudumu moja lilipotumbukia shimoni, mengine yaliendelea kushika barabara.

Sifa hizo ndizo zilizolifaa Afrika Mashariki. Katika Safari ya enzi hizo mshindi hakuwa mwenye kasi kuliko wote katika kipande kifupi cha njia. Madereva walikimbia maelfu ya kilomita kwenye barabara za umma, usiku na mchana, na kila aliyechelewa kufika kituoni aliandikiwa alama za adhabu. Aliyemaliza akiwa na alama chache zaidi ndiye aliyetawazwa bingwa.

Nissan haikuwa ngeni katika mashindano hayo. Ilianza kushiriki mwaka wa 1963, na mnamo 1970 ilishinda kwa gari la Datsun 1600 SSS lililoendeshwa na Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, akiwa na mwelekezi wake, Hans Schuller.

Mwaka wa 1971 wawili hao walirudi na 240Z wakashinda tena. Nafasi ya pili ilitwaliwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, katika gari la aina hiyo hiyo. Rauno Aaltonen wa Finland, dereva mwenye sifa kubwa Ulaya, naye aliendesha 240Z lakini akamaliza wa saba.

Tofauti hiyo inaonyesha kwamba chuma pekee hakikutosha. Waliotangulia walizijua barabara hizi na walielewa jinsi mvua inavyobadili udongo kwa saa chache. Hata hivyo, ujuzi huo haukuwa ngao ya milele. Mwaka wa 1972 Hannu Mikkola, pia wa Finland, alishinda akiendesha Ford Escort na kuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kutwaa taji hilo.

Mwaka huo huo utawala wa Idi Amin uliwafukuza Waasia kutoka Uganda, na familia ya Mehta ikahamia Kenya. Aliposhiriki Safari ya 1973, Mehta alikuwa ameipoteza nchi aliyozaliwa.

Alimaliza akiwa na alama sawa na Harry Kallstrom wa Uswidi, aliyeendesha Datsun 1800 SSS. Kanuni ya kuvunja sare ndiyo iliyompa Mehta na mwelekezi wake, Lofty Drews, ushindi. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio hizo.

Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun za aina nyingine. Alifariki mwaka wa 2006.

Safari iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, kituo chake kilikuwa Naivasha, mbali na Pwani. Lakini mbio za magari ya zamani, zilizoanzishwa mwaka wa 2003, zimewahi kuanzia na kumalizikia Mombasa. Humo Datsun za ukoo wa Z zimeonekana tena zikitimua vumbi.