Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria: binti mfalme wa ngomeni aliyeuliza chakula kimetoka wapi

Katika parokia zetu, kutoka Ihanda hadi Kyerwa, jina la Elizabeti si geni. Wengi walioitwa hivyo siku ya ubatizo wao hudhani kwamba somo wao ni mama yake Yohane Mbatizaji, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini yuko Elizabeti mwingine, ambaye Mama Kanisa humkumbuka kila tarehe 17 Novemba, na ambaye maisha yake yanagusa mambo tunayoyafahamu vema: kodi, njaa, na haki ya mjane.

Elizabeti alizaliwa mwaka 1207, binti wa Mfalme Andrea II wa Hungaria. Akiwa na umri wa miaka minne alipelekwa Thuringia, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani, ili alelewe katika jamaa ambayo angeolewa. Wenye kukumbuka masimulizi ya Abakama wa Karagwe na ikulu yao ya Bweranyange hawatastaajabu: ndoa za watawala zilikuwa mapatano ya nchi na nchi. Mwaka 1213 mama yake mzazi aliuawa huko Hungaria, na mtoto akabaki ugenini. Mwaka 1221, akiwa na miaka 14, aliolewa na Ludwig, mtawala wa Thuringia. Ndoa hiyo iliyopangwa na wakubwa ikawa ndoa ya mapendo ya kweli. Wakajaliwa watoto watatu.

Wengi wanamfahamu kwa kisa cha mikate iliyogeuka kuwa mawaridi ndani ya vazi lake. Kisa hicho ni kizuri, ila kiliandikwa baadaye sana, na hicho hicho husimuliwa pia juu ya mtakatifu mwingine wa ukoo wake, Elizabeti wa Ureno. Ushuhuda ulio thabiti zaidi ni ule wa wanawake wanne waliomtumikia, waliohojiwa kabla hajatangazwa mtakatifu. Nao wanasimulia jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko mawaridi.

Mwungamishi wake, Padre Konrad wa Marburg, alimwagiza asile chochote ambacho dhamiri yake haikuwa na hakika nacho. Basi Elizabeti akawa anawauliza watumishi kila chakula kilipoletwa mezani: hiki kimetoka wapi? Kama kilitoka katika mashamba halali ya mumewe, alikula. Kama kilinyang'anywa kwa wakulima kwa kodi zisizo za haki, alikaa kimya kati ya wageni, akimega mkate na kuusogeza huku na huku ili asionekane kwamba hali. Siku nyingine aliondoka na njaa katika meza iliyojaa. Ludwig hakumzuia, alikiri kwamba naye angefanya vivyo hivyo, isipokuwa aliogopa maneno ya watu wa nyumbani mwake.

Tutafakari hapo kidogo. Ni rahisi kutoa sadaka. Ni vigumu kuuliza mali ya kutolea sadaka imepatikanaje. Katika mkoa wetu tunaijua butura, yaani kununua kahawa ya mkulima ingali mtini, kwa bei ya mtu aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa. Anayenunua hivyo, kisha akaleta zaka nono kanisani, ndiye anayeulizwa swali la Elizabeti. Kanisa hufundisha kwamba haki hutangulia hisani: mtu hawezi kumpa maskini kama zawadi kile anachomdai kama haki yake.

Mwaka 1226 njaa kali iliikumba Thuringia, na Ludwig alikuwa safarini Italia kwa Kaisari. Elizabeti akafungua maghala. Wagonjwa aliwauguza mwenyewe katika hospitali chini ya ngome ya Wartburg. Mavuno yalipokaribia, wenye nguvu aliwapa mashati, viatu ili mabua yasiwachome miguu, na miundu ya kuvunia, wakale jasho lao wenyewe. Wenye kulaumu hawakukosekana, lakini mumewe aliporudi alimtetea.

Mwaka uliofuata Ludwig aliondoka kwenda vita vya msalaba, akafa kwa homa huko Otranto tarehe 11 Septemba 1227. Mjane alikuwa na miaka 20, na mtoto wake wa mwisho alikuwa mchanga bado. Watumishi wake walishuhudia kwamba alitolewa ngomeni na kunyimwa mali aliyostahili; wako wanahistoria wanaoona kwamba aliondoka kwa hiari. Vyovyote iwavyo, usiku wa kwanza alilala katika banda lililokuwa la nguruwe. Usiku wa manane akaenda kwa Ndugu Wadogo Wafransisko, akawaomba wamwimbie Mungu wimbo wa shukrani, Te Deum.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1228 aliweka mikono juu ya altare, akajikana nafsi yake. Alitaka kuacha na mali yote, lakini Padre Konrad akamzuia: madeni ya marehemu yalikuwa hayajalipwa, na haki yake ya ujane ingeweza kuwasaidia maskini. Alipolipwa hatimaye, alijenga hospitali huko Marburg kwa jina la Mtakatifu Fransisko, akawahudumia wagonjwa kwa mikono yake. Aliishi kwa kusokota sufu kwa ujira.

Konrad huyo alikuwa mkali kupita kiasi. Alimpiga, na akawaondoa rafiki zake wa tangu utoto. Hatulazimiki kuyasifu hayo ili kumheshimu Elizabeti. Utii wake ulikuwa kwa Mungu, na ukatili wa mlezi haukuwa sehemu ya Injili.

Alifariki tarehe 17 Novemba 1231, mwenye umri wa miaka 24. Papa Gregori IX alimtangaza mtakatifu siku ya Pentekoste, 27 Mei 1235. Waamini wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko humheshimu kama msimamizi wao. Gertrude, yule mtoto aliyekuwa mchanga, alilelewa katika monasteri ya Altenberg, akaja kuwa mama mkuu wake. Ndiyo monasteri iliyokuwa ikimletea mama yake sufu ya kusokota.