Mbegu au Mche wa Kiriba? Ua Lenyewe Ndilo Huamua

Mvua za vuli zikikaribia, wauza miche wa kando ya barabara huanza kupanga viriba vyao upya. Vilivyochanua huja mbele, vyenye majani matupu hurudi nyuma. Wakati huohuo, kwenye duka la pembejeo, paketi za mbegu za maua zinaning'inia kando ya zile za mchicha na nyanya. Mwenye bustani ndogo na fedha kidogo hubaki njia panda, na swali linalonifikia kila msimu ni lilelile: kipi ni nafuu, kusia mbegu au kununua mche?

Bei ina nafasi yake, ila isiwe ya kwanza. Kabla ya kuuliza shilingi ngapi, uliza ua hilo huzaliana vipi na huishi muda gani. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayokuonyesha fedha yako iende wapi. Wengi hununua kwenye viriba maua ambayo wangeyaotesha wenyewe kwa wiki moja, kisha wakasia mbegu za maua ambayo hayafai kuoteshwa kwa njia hiyo, wakangoja hadi wakakata tamaa.

Bibi zetu wa pwani walilijua jambo hili bila kuingia darasani. Tazama kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia: asumini na rehani hukaa humo pamoja, lakini hazikuzaliwa kwa njia moja. Rehani huoteshwa kwa mbegu. Ukikausha mashuke yake na kuyafikicha juu ya udongo laini, miche huchomoza baada ya siku chache. Asumini ya vikuba ni nadra kutoa mbegu, kwa hiyo vichaka vyake vilivyomo nyuani mwetu vilitokana na vipande vya matawi, jirani akimkatia jirani. Ukishika tofauti hiyo umeshika nusu ya elimu ya bustani ya maua.

Maua ya msimu mmoja

Zinia, marigodi, kosmosi na alizeti za mapambo ni maua ya msimu. Huota, huchanua, hutoa mbegu na kufa ndani ya miezi michache. Mmea wa namna hii umeumbwa kuanza maisha kwa mbegu, na hufanya hivyo kwa haraka. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, mbegu hai ya zinia huchomoza kwa siku 4 hadi 7, na mche wake huanza kuchanua baada ya miezi 2 hivi.

Sasa fikiria unaununua mmea huo ukiwa umeshachanua. Muuzaji atakwambia, "Mama, huu ukifika nao nyumbani, bustani imeshapendeza," na kwa siku hiyo atakuwa amesema kweli. Lakini sehemu kubwa ya maisha ya mmea huo imekwisha, tena imeishia ndani ya kiriba chembamba ambamo mizizi haikupata nafasi. Ukiupanda, mmea utahangaika kuotesha mizizi mipya huku ukilisha maua yaliyopo. Ule uliosiwa palepale utakapoishi hauna safari wala mshtuko. Mzizi wake hushuka moja kwa moja, na ndiyo maana kiangazi kikigusa, wenyewe ndio hubaki wima. Alizeti na zinia hasa hazipendi kuhamishwa.

Hesabu nayo iko upande wa mbegu. Gramu 1 ya mbegu za zinia ina mbegu 100 au zaidi. Zikiota 70 tu, na ukipanda kwa nafasi ya sentimita 25, utajaza zaidi ya mita 4 za mraba. Viriba 70 vingehitaji fedha nyingi na gari la kuvibebea.

Maua ya miaka mingi

Upande wa pili kuna mabogainvilea, haibiskasi, asumini na mawaridi. Hivi ni vichaka na miti midogo itakayoishi nawe miaka mingi, na hapa kitalu kinastahili fedha yako. Bogainvilea za bustanini ni chache zinazotoa mbegu, na haibiskasi nyingi za mapambo ni vivyo hivyo. Mawaridi hutoa mbegu, lakini mche utakaotokana nazo hautafanana na mama yake. Ndiyo maana mabingwa hubebesha: kikonyo cha waridi lenye ua zuri huunganishwa kwenye shina la waridi jingine lenye mizizi imara. Kazi hiyo inataka kisu kikali, mkono uliozoea na miezi ya uangalizi. Ukinunua mche huo, umenunua ujuzi na muda wa mtu mwingine.

Mfano mzuri zaidi umetoka kwetu. Ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu duniani kote, lile ambalo Wazungu hulipa jina la Afrika, kwao ni misitu ya milima ya Tanga. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi la Saintpaulia. Leo lina aina nyingi mno za rangi na maumbo, na njia ya kawaida ya kuzitunza aina hizo zisipotee ni kuotesha jani. Jani moja likichomekwa kwenye udongo mwepesi wenye unyevu hutoa vichipukizi vyenye sura ileile ya mama. Mbegu zake ni laini kama unga, na zikiota hutoa watoto wa kila sura.

Kuna ua moja la miaka mingi ambalo huvunja kanuni hii, nalo ni waridi la jangwani, mmea wa nchi kame za Afrika Mashariki wenye shina lililovimba chini. Lile tumbo wanalolipenda watu hujengeka vizuri kwenye mmea uliotokana na mbegu. Wa kipande cha tawi mara nyingi hubaki mwembamba. Mwenye subira ya mwaka mmoja au miwili na asie.

Mbegu zenye masharti

Katika maua ya msimu pia yapo ambayo singemshauri anayeanza ayaoteshe mwenyewe. Petunia na begonia zina mbegu ndogo kama vumbi. Gramu 1 ya petunia ina mbegu zipatazo 10,000. Zinataka mwanga ili ziote, kwa hiyo hazifunikwi, na papo hapo hazitakiwi kukauka hata saa chache. Tone moja zito la maji hulifukia kundi zima. Kwa maua haya, nunua miche michanga.

Vinka, ule mmea wa maua ya waridi au meupe yasiyojali jua la adhuhuri, hutaka kinyume chake. Mbegu zake huota gizani, hivyo funika trei kwa karatasi nzito na uichungulie kila asubuhi. Mbegu za maua ya kutambaa yenye rangi ya buluu, yale yanayochemshwa chai, zina ganda gumu. Zisugue kidogo kwa msasa kisha uziloweke usiku mzima. Kwa mbegu nyingine za kawaida, zifukie kwa kina kisichozidi mara 2 au 3 ya unene wake.

Pima kabla ya kusia

Malalamiko mengi kwamba mbegu ni feki hutokana na mbegu iliyokufa dukani kwa joto na unyevunyevu. Wataalamu wa hifadhi ya mbegu wana kanuni rahisi: kila unyevu wa ndani ya mbegu unapopungua kwa asilimia 1, au joto la mahali ilipo linapopungua kwa nyuzi 5 za Selsiasi, umri wake huongezeka karibu mara 2. Geuza kanuni hiyo upate picha ya paketi iliyoning'inia miezi kadhaa kwenye duka la bati pale Tanga au Zanzibar. Soma tarehe, na uhakikishe paketi ilikuwa kivulini.

Ukifika nyumbani, ipime. Hesabu mbegu 20, zipange juu ya karatasi laini iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki na uiweke mahali penye joto la kawaida. Ifungue kila siku. Mbegu hai hutoa kijimzizi cheupe kwenye ncha moja. Iliyokufa hulainika, hugeuka rangi na kuota ukungu. Baada ya siku 7 au 10 hesabu zilizoota. Zikiwa 16, una asilimia 80, na hiyo ni mbegu nzuri. Zikiwa 8, sia mara mbili ya ulivyokusudia. Zikiwa 2, usipoteze msimu wako.

Adui anayefuata ni kinyausi, ugonjwa unaokata miche shingoni usawa wa udongo ikalala yote kwa siku moja. Huletwa na vimelea vya udongoni, nao hustawi penye maji mengi na msongamano. Kwa hiyo tumia mchanga wa mtoni na mboji iliyoiva. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Mwagilia asubuhi, sia kwa nafasi, na punguza miche mapema hata kama moyo unakataa. Kama ulitandaza nyasi juu ya mbegu, ziondoe siku ileile miche inapochomoza, la sivyo itarefuka myembamba ikitafuta mwanga.

Ukinunua, nunua kwa macho

Kwa mche wa kununua, pita viriba vya mbele uende vya nyuma. Mche bora ni mfupi, mnene, una matawi kadhaa na ama hauna ua au una vitumba tu. Geuza majani utazame upande wa chini, maana huko ndiko hujificha vidukari, inzi weupe na utitiri. Kisha mwombe muuzaji akifungue kiriba kimoja. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya rangi ya krimu na inashika udongo kwa wepesi. Ikiwa imejizungusha chini kama kamba iliyokunjwa, mche umekaa humo kupita kiasi, na kwa kichaka cha miaka mingi kasoro hiyo hubaki nacho. Ukiona vinundu kwenye mizizi, ni minyoo fundo. Ukiubeba mche huo utakuwa umewapeleka minyoo hao kwenye udongo wako, ambako kuwaondoa ni kazi ya misimu.

Uliza pia mche umekulia wapi. Mmea uliolelewa kwenye baridi ya Lushoto au Arusha haujawahi kukutana na usiku wa joto wa Dar es Salaam. Na hata uliotoka jirani huenda ulikaa chini ya wavu wa kivuli, kwa hiyo ukomaze: siku za kwanza upate jua la asubuhi tu, kisha uongeze kidogo kidogo kwa wiki moja kabla ya kuupanda. Upande jioni.

Kuhusu mbegu na miche inayoletwa na ndugu kutoka Ulaya au Ghuba ndani ya masanduku, sheria inataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea. Tanzania Bara kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na nchini Kenya iko chini ya shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS. Tuifuate, kwa kuwa ugonjwa mmoja uliojificha kwenye zawadi unaweza kufika kwenye mashamba ya watu wasiohusika.

Tunza mbegu yako

Faida kubwa ya mbegu huja msimu wa pili. Chagua mimea 3 au 4 iliyo bora, ifunge uzi ili mtu asiichume, na acha maua yake yakauke juu ya shina. Kichwa cha zinia kikishakuwa cha kahawia, kifikiche: chini ya kila petali kavu utakuta mbegu bapa iliyochongoka upande mmoja. Mbegu ya marigodi ni kijiti chembamba, nusu cheusi na nusu chenye nyuzi za rangi ya nyasi kavu. Zianike kivulini, kisha zitie kwenye chupa ya kioo pamoja na kijiko cha mchele uliokaangwa bila mafuta, unaofyonza unyevu. Andika jina na mwezi, ukaze kifuniko, uweke mahali pa baridi.

Jihadhari na paketi iliyoandikwa F1. Hiyo ni mbegu chotara, zao la wazazi wawili waliochaguliwa. Waswahili husema apandacho mtu ndicho avunacho, lakini watoto wa chotara hutawanyika, huyu mrefu, yule mfupi, rangi kila namna. Anayetaka kutunza mbegu aanze na aina za kawaida zisizo chotara. Akichagua mimea bora mwaka baada ya mwaka, atapata uzao unaozoea udongo na mvua za kwao.

Kwa bustani ya uani ningegawa fedha hivi: kiasi kikubwa kiende kwenye kichaka kimoja au viwili vya kudumu vilivyokaguliwa mizizi, na kinachobaki kinunue paketi mbili za maua ya msimu. Nusu ya mbegu utakazovuna zitunze, nusu mpe jirani, naye akukatie tawi la asumini yake. Mwenye kitalu mlipe vizuri kwa kazi ya miezi na mikono iliyofunzwa. Kazi ya wiki moja, ambayo mbegu huifanya yenyewe ikipewa udongo na maji, haistahili kutoa fedha mfukoni mwako kila msimu.