Pemba ni mbali kiasi gani kutoka Kaptagat?

Msomaji, tuseme bintiyo aliyekulia hapa Kaptagat ameolewa Chake Chake, kisiwani Pemba. Simu inalia alfajiri: baba mkwe wake ameaga dunia na atazikwa leo alasiri, maana Waislamu hawakawizi maziko. Je, utawahi?

Ukihesabu muda wa kuwa angani tu, utadhani utawahi. Eldoret hadi Nairobi ni kama dakika 50. Nairobi hadi Unguja, takriban kilomita 600, ni kama saa moja na nusu. Kutoka uwanja wa Unguja hadi ule wa Pemba ni kilomita 125 hivi, yaani karibu marathoni tatu. Eliud Kipchoge, ambaye huenda umemwona akifanya mazoezi katika njia za msitu wetu, alikimbia marathoni moja mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ndege ndogo ya visiwani huzimaliza zote tatu kwa nusu saa.

Jumla haifiki saa tatu. Lakini safari yako haianzi ndege inapopaa. Inaanza unapofunga mlango wa nyumba. Kuna matatu ya kwenda mjini Eldoret, kisha gari jingine la kukufikisha uwanjani, barabara ya Kapsabet. Baadhi ya ndege za Eldoret hutua Wilson, ilhali ya Zanzibar huondokea Jomo Kenyatta, kwa hiyo utaukata mji wa Nairobi katikati ya msongamano. Kisha foleni ya uhamiaji, na nyingine Unguja. Ukifika huko jioni huenda ukalala, kwa kuwa ndege hizo ndogo kwa kawaida huruka mchana.

Basi maziko yamekupita. Panga kuwahi hitima.

Kutoka Unguja ipo meli pia, na nauli yake ni nafuu, ila hukaa baharini kwa saa kadhaa. Tena Wapemba hawajasahau MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 ikielekea kwao na kuangamiza watu wengi mno. Anayelipa zaidi apande ndege usimwite mwenye majivuno.

Angalia tiketi vizuri. Ikiandikwa 07:00, hiyo ni saa moja asubuhi, wala si saa saba! Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Gunia la viazi liache nyumbani, kwani ndege nyingi za visiwani hukuruhusu kilo 15 tu. Na kibuyu cha mursik hakitapita mkononi pale penye ukaguzi, hata ukieleza kwamba ni cha wakwe.

Kabla ya kulipia tiketi, mpigie bintiyo simu umuulize hitima itasomwa siku gani na saa ngapi.