Fahamu: Kwa nini mwalimu wa Kiingereza Riyadh anahitaji mafunzo mapya

Tangu mwaka 2021, watoto wa Saudi Arabia wanaanza Kiingereza darasa la kwanza. Kabla ya hapo walisubiri hadi la nne. Kwa walimu wa Riyadh na Jeddah, kazi imebadilika. Mtoto wa miaka 6 bado anajifunza kuandika Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na sasa, kwa Kiingereza, inabidi mkono huohuo ugeuze safari. Kiarabu sanifu hakina sauti ya “p”, hivyo “pen” humtoka “ben”. Si uzembe, na mwalimu asiyelijua hilo atamkaripia bure, jambo linaloumiza. Hapo ndipo mafunzo yanapohitajika. Kupitia Khebrat, mpango wa mafunzo ya walimu, wizara ya elimu ilipeleka walimu Marekani, Uingereza na kwingineko, wakaingia shuleni kutazama wenzao wakifundisha.